Hukwe Zawose: Ilimba ya Wagogo ilipokutana na gita la umeme

ZAIDI ya miaka 20 imepita tangu Dk. Hukwe Ubi Zawose afariki dunia mjini Bagamoyo, Desemba 30, 2003. Albamu yake ya Assembly, aliyoitoa mwaka mmoja kabla, bado inaibua swali zito: ngoma ya asili ikiingia katika studio ya kisasa, hubaki ya nani?

Zawose, Mgogo wa kijiji cha Doduma mkoani Dodoma, alizaliwa enzi za utawala wa Waingereza. Katika nyanda hizo kame za kati, alirithi uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana, zeze na ilimba, yaani kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Baadhi ya vijiti hivyo havipigwi kabisa. Hutetema vyenyewe vingine vinapolia.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alivutiwa na kipaji chake na kumwita Dar es Salaam, ambako alilitumikia taifa kwa muziki wake. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, akawa miongoni mwa waalimu wake, huku akiwalea wanamuziki ndani ya ukoo wake mwenyewe.

Mwaka 1996, yeye na mpwa wake Charles walitoa albamu ya Chibite kupitia Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Humo, sauti na ala za Kigogo zilijitosheleza bila mgeni.

Assembly ilikuwa safari nyingine. Zawose alishirikiana na Michael Brook, mpiga gita na mtayarishaji kutoka Canada, ambaye awali alifanya kazi na gwiji wa Pakistan, Nusrat Fateh Ali Khan. Ilimba na sauti ya Zawose zikazungukwa na magita na mitambo ya kielektroniki.

Mtihani ulikuwa katika ngazi ya sauti. Wagogo huzipanga sauti zao kwa kufuata milio inayozaliwa kwa maumbile ndani ya sauti moja, na mmojawapo huangukia katikati ya vituo vya gita la Kizungu. Kumlazimisha Zawose afuate gita kungeuvunja muziki wake; ilibidi mgeni ndiye amfuate mwenyeji.

Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Yapo maeneo ambamo mitambo imejaza ukimya ambao Chibite iliuachia nafasi, lakini koo la Zawose, lenye uwezo wa kushuka hadi ngurumo na kupanda hadi mluzi, halikumezwa.

Mwaka huohuo wa 2002, yeye na Charles walifuatana na Gabriel katika ziara ya Amerika Kaskazini. Charles naye alifariki dunia mwaka 2004, na pigo hilo la pili lingeweza kuuzima moto wa ukoo huo.

Haikuwa hivyo. Mwanawe, Msafiri, alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake hao, waliozoeleka kuwa waitikiaji nyuma ya wanaume, sasa wamesimama mbele, nao wamechanganya ala za kale na mitambo.

Njia hiyo Hukwe aliifyeka mapema, na hakuiacha lugha ya sauti za Ugogo nje ya mlango wa studio.