Leslie Brown: Bwana shamba aliyewafuata tai wa Embu

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unaenda Embu wikendi, atadhani ni mambo ya mazishi, ruracio ama umeishiwa na muguka. Ukimwambia unaenda kuangalia ndege, atacheka. Halafu atauliza kama Wilson Airport imehamishwa.

Basi kuna mzee mmoja, amekufa zaidi ya miaka 40 sasa, ambaye aliangalia ndege wa Embu kwa bidii hadi kile kijikilima alichokuwa akikipanda kikaingia kwenye vitabu vya wataalamu wa ndege duniani. Jina lake Leslie Brown. Kama hujawahi kumsikia, usijilaumu, shuleni hatufundishwi. Lakini waulize watu wanaosoma habari za tai, awe yuko Afrika Kusini au Marekani, watakwambia huwezi kupita bila yeye.

Alizaliwa India mwaka 1917, wazazi wake Waskoti. Akasoma Uskoti, Chuo Kikuu cha St Andrews, kisha akasomea kilimo cha nchi za joto huko Trinidad. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikampeleka Nigeria kama afisa wa kilimo, na 1946 akaletwa Kenya. Hapo ndipo stori yetu inaanzia, kwa sababu alipangiwa Embu.

Sasa fikiria kazi ya bwana shamba wakati huo. Barabara ni za kuhesabu, nyingi zikiwa matope mvua ikinyesha. Ukitaka kujua shamba la mtu linaendeleaje, unatembea. Na Embu, kama vile Meru, ni nchi iliyoinama. Juu kabisa kuna msitu wa Mlima Kenya. Ukishuka unakutana na baridi ya majani chai pale Manyatta na juu ya Runyenjes, ukishuka tena ni kahawa, kisha mahindi na maharagwe, halafu ghafla joto linakupiga usoni: umefika Mbeere, nchi ya mtama, mbuzi, miamba na vichaka vya miiba. Safari ya siku moja kwa miguu inakupitisha kwenye nchi nne. Wakulima wa huku wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana familia zilipenda kuwa na kipande juu na kingine chini. Brown naye alijifunza kuisoma ngazi hiyo, ya mazao na ya ndege pia. Kila kidato kina ndege wake.

Hapo kwenye nchi kavu ya Embu ndipo alipokutana na kilima chake. Alikiita Kilima cha Tai. Usifikirie mlima wa kutisha. Ni kilima cha kawaida chenye mawe na miti mikubwa kwenye mabonde yake, cha aina ile unayopita ndani ya matatu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Lakini kilikuwa na viota vya zaidi ya aina tano za tai, vyote kwenye eneo dogo ambalo mtu mwenye miguu mizuri angeweza kulizunguka kwa siku moja.

Ajabu si kwamba walikuwepo tu. Ni kwamba hawakumalizana. Tai si kuku. Kila jozi inalinda himaya yake vikali. Wawezaje kukaa pamoja hivyo? Brown alikaa chini, akatazama, akarudi tena na tena, mwaka baada ya mwaka, na jibu likajitokeza kwenye mabaki ya chakula chini ya viota. Tai wa Verreaux, yule mweusi tititi mwenye alama nyeupe mgongoni, alikuwa anataka pimbi wa kwenye majabali, basi. Mwingine aliishi kwa kwale na kanga. Mwingine chakula chake kilikuwa nyoka. Tai mwenye taji, anayependa miti mikubwa, anakula wanyama kama paa wadogo na pimbi wa mitini, na mahali penye nyani na kima hawalali usingizi mzuri. Tai wa Ayres, mdogo lakini mwepesi kama jiwe la manati, alikuwa akikamata ndege wadogo juu ya miti. Huyu wa Ayres hakuwa akijulikana sana maisha yake ya kiotani, na maelezo ya Brown kutoka Embu ni miongoni mwa yale ya kwanza ya kina. Kila mmoja na hoteli yake, kwa hivyo hakuna vita.

Unaona, jambo hili halihitaji maabara. Linahitaji mtu anayerudi. Wapo waliowahi kuona tai wengi kuliko Brown. Wachache waliwahi kurudi kwenye kiota kilekile mwaka baada ya mwaka na daftari mkononi, wakiandika: mwaka huu wametaga, mwaka huu hawakutaga, kifaranga kimekufa, jike ni mpya. Na hakurudi peke yake. Alikuwa na wenyeji waliojua njia, waliojua mti upi una kiota, waliokwea. Majina yao hayapo kwenye jalada la kitabu chochote. Hilo nakuachia ulitafune mwenyewe.

Kutoka kwa daftari hizo kulitoka jambo ambalo mpaka leo ndilo kiini cha kila mjadala wa kuokoa tai: tai wa nchi zetu wanazaa polepole mno. Kuna miaka jozi haitagi kabisa, hata kama chakula kipo. Tai wa Verreaux kwa kawaida hutaga mayai mawili, lakini kifaranga cha kwanza kutoka humpiga mdogo wake mpaka afe, hata nyama ikiwa imejaa kiotani. Na yule mwenye taji? Kinda wake hata akishajua kuruka bado anadai chakula kwa wazazi kwa miezi mingi, karibu mwaka mzima, kwa hivyo wazazi hutaga mara moja tu kila miaka miwili. Brown alilithibitisha hilo pia kwa jozi iliyokuwa na kiota karibu na kwake, Karen. Ukipiga hesabu ya wote pamoja, jozi moja inatoa chini ya kifaranga mmoja kwa mwaka. Sasa mtu akimlenga tai mmoja kwa sababu ya kuku wawili, unajua amechukua nini.

Mimi shosho yangu alikuwa akimwona mwewe tu, anapiga sufuria na kelele mpaka boma lote linatoka nje. Simlaumu. Kuku ndio walikuwa karo.

Ngoja sasa tufike mahali pagumu, kwa sababu ukiandika maisha ya mtu ukaruka pale panapouma, unaandika tangazo. Brown alikuwa mtumishi wa ukoloni, na si mdogo. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Embu na Meru, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Kati, ziliguswa moja kwa moja: watu walifungwa kambini, familia zikahamishwa kwa nguvu na kuwekwa kwenye vijiji vyenye mahandaki na ulinzi, na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kukawa kazi ya lazima. Wazee wetu wanaikumbuka kwa jembe mgongoni. Katika miaka hiyohiyo Brown alipanda cheo, akasimamia kilimo cha mkoa mzima, wakati mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipokuwa ukibadilisha ardhi: vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa, hati zikatolewa, na Mwafrika akaruhusiwa kupanda kahawa na chai kwa upana ambao alikuwa amenyimwa. Embu na Meru zilikuwa zimeonjeshwa kahawa kidogo tangu miaka ya 1930, lakini sasa ndipo ilipoenea.

Mazuri na mabaya yalikuja kwenye mkokoteni mmoja. Kahawa ile ilisomesha watu, huenda hata babu yako. Lakini ardhi iligawanywa wakati wenyewe wengine wako kizuizini, hawana wa kuwasemea. Brown mwenyewe aliamini sana kilimo bora, na baadaye aliandika kuhusu kuunganishwa kwa ardhi kama mafanikio ya kiufundi. Ukimsoma leo unatamani angeandika juu ya watu kwa makini yaleyale aliyowapa tai.

Na kuna kinaya kingine. Ile ile kazi yake ya mchana, ya kulima zaidi, kupanda zaidi, kuzungushia ua, ndiyo iliyokuwa inapunguza miti mikubwa ambayo jioni alikuwa anaitafuta kwa darubini.

Nikuambie ya flamingo kidogo, maana huyu jamaa alikuwa na kichwa kigumu. Unawajua heroe wa Nakuru, wale wa rangi ya waridi. Mpaka miaka ya 1950, hakuna aliyejua kwa hakika wale wadogo, ambao ndio wengi zaidi, wanazaliana wapi hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Brown akawagundua Ziwa Natron, upande wa Tanganyika, katikati ya tope la magadi. Kuwaona kutoka angani hakukumtosha. Akaamua kuwafikia kwa miguu. Magadi yaliingia ndani ya viatu, yakachoma ngozi. Aliporudi kambini alikuwa hajiwezi, na akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa, akapandikizwa ngozi miguuni. Kidogo tu apoteze ile miguu iliyokuwa ikimpeleka kwa tai wake. Mwaka 1959 akachapisha kitabu juu ya siri hiyo ya flamingo. Kichwa kigumu, nimekwambia.

Serikali ya kikoloni ilipoondoka 1963, naye akaacha kazi, akiwa amefika ngazi za juu kabisa za idara ya kilimo. Wenzake wengi walipanda meli wakaenda zao. Yeye alibaki Kenya, akaishi kwa kuandika na kwa kazi za ushauri. Alienda Ethiopia kuwatafuta wanyama wa milimani, akaandika kitabu cha historia ya maumbile ya Afrika, na mwaka 1968, pamoja na Mmarekani Dean Amadon, akatoa juzuu mbili kubwa juu ya tai, mwewe na kozi wa dunia nzima. Alikufa Agosti 1980. Juzuu ya kwanza ya kitabu cha ndege wa Afrika, ambayo alikuwa mmoja wa waandishi wake, ilitoka 1982 bila yeye kuiona.

Sasa wewe. Msimu wa kutembea huko ni Januari mpaka Machi, mvua za vuli zimeisha na za masika hazijaanza. Njia ni kavu, na asubuhi za juu ni baridi, beba sweta. Wakati huo Ulaya na Asia ziko kwenye theluji, na wageni wao wako kwetu. Nenda Timau, upande wa Meru, kwenye mashamba ya ngano yaliyo juu zaidi ya mita 2,000. Ukibahatika utawakuta korongo weupe wakitembea shambani kama wakaguzi, wakiokota panzi. Nyuma ya ng'ombe kuna ndege wadogo wa njano wanaotikisa mkia bila kupumzika. Kufikia mwisho wa Machi utaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za stima, wanajiandaa kurudi kaskazini. Ukishuka Mbeere kabla ya Aprili bado unaweza kumwona tai wa Wahlberg, wa kahawia, mwenye kishungi kidogo kisogoni. Huyu hufika kati ya Agosti na Septemba, anazaa, kisha anaondoka kwenda kaskazini mwa ikweta bila kuvuka bahari yoyote. Brown alizijua tarehe zake kama wewe unavyojua tarehe ya mshahara.

Huhitaji gari. Vaa viatu vilivyofunga, salimia kabla ya kukanyaga shamba la mtu, eleza unachofanya, maana darubini inatia watu wasiwasi. Wengine watadhani umetumwa kupima ploti. Kama wewe ni mgeni kabisa wa mambo haya, anzia Nairobi: Nature Kenya wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho. Orodha ya utakachoona unaweza kuituma kwa mradi wa Kenya Bird Map, nayo inahesabika kama daftari la mtaalamu yeyote.

Na daftari zinahitajika. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa barabarani nchini Kenya miaka ya 1970 na zile za kuanzia 2003. Kati ya aina 22 walizochunguza, 19 zilikuwa zimepungua, nyingi vibaya sana. Sababu unazijua hata bila digrii: sumu inayotegwa kwenye mzoga kumlenga fisi au simba, nyaya za umeme zinazowaunguza, miti ya kiota iliyogeuzwa makaa. Hizo hesabu za 1970 zipo kwa sababu kuna watu waliozunguka na kalamu wakati hakuna aliyewauliza.

Kwa hivyo ukipita barabara ya Siakago siku moja, umwambie dereva akushushe kwenye kilima chochote chenye mawe. Pimbi wakianza kupiga mayowe na kukimbilia mashimoni wote kwa pamoja, usiwaangalie wao. Angalia juu.