Ndege ya gemu inakupinda ukitaka kupaa? Mjue Beryl Markham

Uko Miritini, jioni. Nje trela zimepiga foleni, juu ndege inashuka kuelekea uwanja wa Moi. Wewe nawe uko kwenye kompyuta, umechagua uwanja huohuo. Unaongeza nguvu ya injini mpaka mwisho na ndege inakwenda zake majanini. Tena! Kabla hujaitukana gemu, kuna mama mmoja unafaa kumjua.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Baba yake alifunza farasi kule Njoro, na Beryl akakua akicheza na vijana wa Kinandi. Baba alipofilisika na kuhama nchi, binti alibaki na kufunza farasi wa mbio mwenyewe.

Mwaka 1931 akaanza kujifunza urubani kwa Tom Campbell Black. Mwezi Mei mwaka huo, rafiki yake Denys Finch Hatton alipaa kutoka Voi, hapo juu tu ya barabara ya Nairobi. Ndege ikaanguka na kuwaka moto, akafa yeye na msaidizi wake Kamau. Beryl alikuwa amealikwa safari hiyo. Hakuacha masomo. Kufikia 1933 alikuwa na leseni ya urubani wa kulipwa, akawa anatafutia wawindaji ndovu kutoka angani.

Sasa elewa ndege zake. Magurudumu makubwa yalikuwa mbele, uzito nyuma yake. Si umeona dereva wa trela akirudisha kontena kinyumenyume? Likipinda kidogo na asiwahi kulirekebisha, linazidi kupinda. Ndege hizo ni vivyo hivyo.

Propela nayo inavuta. Kwenye Cessna 172, ambayo wengi huanzia, ukiongeza nguvu pua inaelekea kushoto, kwa hivyo unakanyaga kulia. Lakini injini ya Gipsy Six ya ndege ya Beryl, Vega Gull, ilizungusha propela upande wa pili, na pua ikavutwa kulia. Ukija na mazoea ya Cessna hapo, unajitupa mtaroni mwenyewe.

Halafu kuna upepo. Kusi ikivuma nawe unapaa Mombasa kuelekea kusini-magharibi, inakupiga kutoka kushoto. Inausukuma mkia, pua inageukia upepo. Na kwa Cessna, hilo linajumlishwa na mvuto wa propela.

Kwa hivyo fanya hivi. Zima upepo kwenye gemu, kisha jaribu. Achilia joistiki uangalie kama usukani wa mkiani unacheza wenyewe. Ukicheza, joistiki yataka kurekebishwa. Hakikisha breki ya gurudumu moja haijashika. Halafu ongeza nguvu polepole, sio kwa pupa, na urekebishe kidogo kidogo mapema, macho yakiwa mwisho wa njia. Ukiweza hapo, rudisha upepo.

Beryl hakuwa na kitufe cha kuanza upya. Jioni ya Septemba 4, 1936, kule Abingdon, Uingereza, Vega Gull ilikuwa imejazwa matangi ya ziada ya mafuta, hali ya hewa mbaya, redio hakuna. Kupinda kidogo tu na ndege nzito hivyo, basi. Aliinyoosha, ikapaa. Baada ya zaidi ya saa 20 injini ilizimika, akatua kwenye kinamasi Nova Scotia, Kanada, pua ikazama topeni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua.

Na usidhani kupinda ni aibu ya wanaoanza. Machi 1937, Amelia Earhart, Mmarekani aliyekuwa na jina kubwa kabisa, alipindiwa na ndege akipaa Honolulu. Magurudumu yakavunjika, ndege ikarudishwa California kutengenezwa.

Beryl aliandika kitabu mwaka 1942, kikasahaulika hadi kilipochapishwa upya 1983. Alirudi Kenya, akashinda mbio nyingi kwa farasi wake, akafariki Nairobi mwaka 1986.

Haya, ndege yako bado iko majanini. Irudishe mwanzo wa njia, na safari hii anza na miguu, sio na injini.