Padri Placide Tempels na Ulizo la Imani

Katika jubilei hii inafaa tumkumbuke mmisionari ambaye Katanga haikumsahau: Padri Placide Tempels, Mfransiskani.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 huko Berlaar, katika inchi ya Ubelgiji. Alipewa upadri mwaka 1930, akafika Kongo mwaka 1933, akatumwa kwa Baluba wa Katanga. Kwa muda wa miaka kumi hivi alifundisha kama wamisionari wengi wa siku zile. Mkatekumeni aliyeyajua maulizo na majibu ya katekisimu pasipo kukosa alihesabiwa kuwa mwamini, akabatizwa. Padri hakuwa na mashaka: yeye mwalimu, wao wanafunzi.

Lakini aliona jambo lililomsumbua. Waliojibu vizuri kupita wengine, ugonjwa au kifo kilipoingia nyumbani, waliirudia njia ya mababu. Wazungu wengi waliuita unafiki. Yeye alianza kujiuliza kama kosa halikuwa kwa mwenye kuuliza, kwa maana majibu yale yalihakikisha kumbukumbu, hayakuhakikisha moyo. Basi akayaweka mafundisho kando, akawauliza watu wao ni nani na wanatamani nini. Akasikia mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Naye akatambua kwamba hayo ndiyo aliyoyatamani yeye mwenyewe. (Kwa padri wa wakati ule, kukubali hivyo hakukuwa jambo dogo.)

Kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitolewa hapa mjini mwaka 1945, mji ulipoitwa Élisabethville, katika kifaransa cha Antoine Rubbens. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alikipinga kwa nguvu. Mwaka 1946 Tempels alikwenda Ubelgiji, asirudi Kongo mpaka 1949.

Yatupasa kusema kweli yote. Si kila aliyempinga alikosa akili. Tempels aliwajua Baluba, lakini alinena juu ya Wabantu wote, na ushahidi wa kabila moja ni mdogo kwa neno kubwa namna hiyo. Mwaka 1968 Padri Fabien Eboussi Boulaga, mwana wa Kameruni, alikichambua kitabu hicho kwa ukali, na wasomi wengine wa Afrika wakamfuata. Aliyekataa kutosheka na majibu ya katekisimu, hapo alitosheka mapema.

Mwaka 1953 alipelekwa Kolwezi, kwa wafanyakazi wa Union Minière wa Musonoi. Ndipo ilipozaliwa Jamaa. Humo bwana na bibi waliingia pamoja, wakafundishwa polepole na baba na mama waliowatangulia, na imani ikatazamwa katika umoja wa nyumba yao. Jamaa ikaenea hata Lubumbashi. Mapadri wengine waliogopa. Katekisimu ina majibu yanayosikika, lakini mapendo ya watu wawili nani atayapima, na kwa kipimo gani? Hofu hiyo haikuwa bure: baadaye walitokea waliopotoka, wakaitwa Katete, nao maaskofu walilazimika kuwakataza. Hata hivyo, nyumba nyingi za wachimba shaba zilizokuwa na magomvi zilipata amani, na majirani waliiona.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Alifariki huko Hasselt, Ubelgiji, tarehe 9 Oktoba 1977.