Marcel Lihau, mwamuzi aliyemkatalia Mobutu

Mtu wa Kama ao wa Kalima akipoteza kesi yake kwenye tribinali, anaweza kupanda mpaka korti ya rufaa huko Kindu. Na kama bado haridhiki, faili yake inaweza kufika mpaka Kinshasa. Mtu wa kwanza kukaa juu kabisa ya ngazi ile, akiongoza Cour suprême de justice, aliitwa Marcel Lihau. Alikaa pale miaka saba. Kiti kilimtoka juu ya jambo moja: alikataa kuwaumiza wanafunzi kwa jina la sheria.

Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 huko Bumba, Equateur, kando ya mto uleule unaopita Kindu, ukishuka nao mpaka kuvuka Kisangani. Wakati wa Wabeljiji, Mkongomani aliweza kuwa karani, mwalimu, padri ao muuguzi, lakini njia ya masomo ya sheria ilikuwa imefungwa. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, kati ya waamuzi wa tribinali kubwa hapakuwa Mkongomani hata mmoja. Lihau alikuwa kati ya wa kwanza kabisa kusomea sheria huko Louvain, Ubeljiji.

Hakuwa amemaliza masomo wakati siasa ilimuita. Mwezi wa Septemba 1960, Kanali Mobutu alisimamisha wanasiasa na kuweka serikali ya vijana wasomi. Lihau alipewa kazi ya sheria. Kwa watu wa Maniema, ambako Lumumba alipendwa sana, ukurasa huu ni mgumu. Ni chini ya serikali ile Lumumba alikamatwa, kisha akapelekwa Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Maisha ya Lihau hayawezi kusimuliwa bila kusema hivyo.

Kisha alirudi kwenye vitabu, akapata udaktari wa sheria, akawa mwalimu kwenye iniversite ya Lovanium. Alikuwa pia kati ya wataalamu waliotayarisha katiba ya Luluabourg, ambayo wananchi waliipigia kura mwaka wa 1964. Katiba ile ilihesabu Maniema kama jimbo lenye kujisimamia. Ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1964, siku chache kisha Kindu kuanguka mikononi mwa Simba. Lakini haikuishi sana. Mobutu alichukua mamlaka mwaka wa 1965, na mwaka uliofuata Maniema ikarudishwa chini ya Kivu. Tulingoja mpaka 1988 kuwa jimbo tena.

Mwaka wa 1968, Mobutu alimweka Lihau kuwa mkubwa wa kwanza wa Cour suprême. Korti ile ndiyo ilikuwa na neno la mwisho, na kazi yake ilikuwa kuangalia kama tribinali zingine zimefuata sheria. Lakini mwaka kwa mwaka nafasi ilipungua. Tarehe 4 Juni 1969, askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wanaandamana Kinshasa. Mwaka wa 1971, wanafunzi wale wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi wa Agosti 1974, katiba ikageuzwa: MPR ikawa juu ya yote, na hata tribinali zikawa chombo cha chama.

Ni hapo mtihani wa Lihau ulifika. Mwaka wa 1975, aliombwa kutekeleza adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana. Angeweza kutia sahihi na kubaki na cheo. Wengi walifanya hivyo wakati ule, na hakuna aliyewalaumu, maana kila mtu aliogopa. Yeye alikataa. Mobutu akamfukuza kazi.

Hakunyamaza. Tarehe 15 Februari 1982, pamoja na Étienne Tshisekedi na wenzake, alianzisha UDPS, wakati sheria ilikubali chama kimoja tu. Jibu la serikali lilikuwa kumnyang'anya haki zake na kumfukuzia kijijini. Afya yake ikaharibika. Mwaka wa 1985 alikimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba kwenye iniversite ya Harvard. Alirudi nyumbani mwaka wa 1990, wakati Mobutu alikubali vyama vingi, kisha ugonjwa ukamrudisha Marekani. Alikufa kule mwezi wa Aprili 1999. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Kongo, ambaye alikuwa amemuoa mwaka wa 1964, alikufa mwezi uleule. Inchi ilikuwa katika vita, na Kindu ilikuwa chini ya RCD.

Leo Cour suprême haiko tena. Katiba ya 2006 iliigawa mara tatu: Cour constitutionnelle, Cour de cassation na Conseil d'État. Katiba hiyohiyo inasema kwamba mwamuzi, akiwa kazini, yuko chini ya sheria peke yake. Lakini karatasi haijilindi yenyewe. Siku mkubwa fulani anapompigia mwamuzi simu usiku juu ya faili ya shamba ao ya karyeri, mwamuzi yule anabaki peke yake na kalamu yake, sawa vile Lihau alibaki mwaka wa 1975.