Kapteni Joubert, Mlinzi wa Wasio na Makao

Wakatekumeni wapenzi, katika somo la matendo ya huruma ya mwili mmekwisha kujifunza kwamba ampokeaye mtu asiye na makao humpokea Bwana Yesu mwenyewe. Wengi hudhani tendo hilo ni jepesi. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji husema karibu, mkeka hutandikwa, ugali na ndagala huletwa, na shughuli imekwisha. Lakini je, mgeni akija usiku wa manane, na nyuma yake wakija watu wenye bunduki wanaomtafuta? Hapo ndipo mlango huwa mzito. Leo nitawasimulia habari za mtu aliyeufungua mlango wa namna hiyo katika pwani hii hii ya ziwa letu Tanganyika. Hakuwa padri, wala bruda. Alikuwa mlei kama ninyi na mimi.

Jina lake ni Ludovic Joubert. Alizaliwa Ufaransa, katika kijiji cha Saint-Herblon, tarehe 22 Februari 1842, na wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alikwenda Roma kuwa askari wa Baba Mtakatifu. Mwaka huo huo akajeruhiwa vitani na kutekwa. Alipona, akarudi katika jeshi lake, akapanda cheo hata kuwa kapteni, akatumika mpaka mji wa Roma ulipotwaliwa mwaka 1870. Baada ya hapo alirudi kwao.

Wakati ule nchi zetu zilikuwa katika msiba mkubwa. Misafara ya watumwa ilivuka ziwa kwenda Ujiji, na kutoka huko iliendelea Tabora hata pwani ya bahari. Vijiji vilichomwa moto usiku. Wenye nguvu walifungwa minyororo, wazee waliachwa, na watoto waliokimbilia porini walibaki bila baba, bila mama, bila paa. Tafadhali msisikie habari hii kwa moyo wa kuwachukia jirani zetu Waislamu wa Baraka. Wengi wa wale waliobeba bunduki za wakubwa wa biashara hiyo walikuwa watu wa bara hii hii, na watemi wengine waliuza watu wao wenyewe kwa nguo na baruti.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliwaita waliokuwa askari wa Papa waje kuzilinda misioni za Tanganyika. Joubert aliitika, akaondoka mwaka 1880. Alikaa kwanza Mulweba katika nchi ya Masanze, kisha Kibanga, huko Ubwari, mahali mapadri walipojenga misioni mwaka 1883 na kuiita Lavigerieville. Ninyi wa Baraka mnaiona milima ya Ubwari kila asubuhi mnapoteka maji ziwani. Huko mapadri waliwakomboa watoto kutoka mikononi mwa wafanya biashara, na watu waliofukuzwa makwao walikuja kujenga karibu na misioni. Joubert aliwaongoza katika kujenga ngome na kukesha. Mwaka 1885 alirudi Ufaransa, na watu wangeweza kusema kwamba amekwisha kutimiza wajibu wake.

Hakukaa hata miaka miwili. Mwaka 1886 alisafiri tena, akafika Karema, na tarehe 20 Machi 1887 akaingia Mpala, upande wetu wa ziwa. Mwaka 1888 alimwoa Mkristu wa nchi hii, Agnes Atakaye. Jambo hili msilipite upesi. Wazungu wengi wa siku zile walikaa na wanawake wa kwetu pasipo arusi, na saa ya kuondoka ilipofika wakawaacha pamoja na watoto. Joubert alifunga ndoa takatifu, akalea watoto wengi pamoja na mkewe, asimwache mpaka kufa kwake. Mtu aliyekuwa akiwapa wengine makao alikuwa na nyumba yake mwenyewe humo humo, si hema la msafiri.

Boma lake alilijenga Mrumbi, kati ya Mpala na Moba, akaliita Saint-Louis. Wakimbizi walimiminika. Ebu fikirini kazi yenyewe: mtu akifika hana jembe, hana mbegu, hana chungu, na pengine ana jeraha. Lazima aonyeshwe pa kujenga, apewe shamba, alishwe mpaka mavuno yake ya kwanza. Joubert aliwatibu wagonjwa, akaamua magomvi yao, akawafundisha vijana wao kutumia bunduki ili walinde vijiji vyao.

Nakiri kwamba mambo mengine ya zama zile yanahitaji kusemwa kwa uaminifu. Aliyeingia chini ya ulinzi wa misioni aliingia pia chini ya amri yake. Mapadri wa Mpala walitawala kama watemi, na watemi wa zamani walipungukiwa na watu wao. Wengine huuliza pia kama inafaa mtu wa huruma kushika bunduki. Mimi nawauliza tu, mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akikimbizwa, angefanya nini na nyumba isiyo na mlinzi?

Kati ya mwaka 1890 na 1891 hali ilikuwa mbaya sana. Rumaliza, mkubwa wa biashara ya watumwa kule Ujiji, alikuwa na nguvu pande zote za ziwa, na Joubert alikuwa na watu wachache na risasi haba. Angeweza kuvuka maji na kujiokoa. Watu waliomzunguka hawakuwa na pa kwenda. Alibaki. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jacques, aliyetumwa na shirika la Wabelgiji la kupinga utumwa, alifika na kuanzisha kituo cha Albertville, na mwanzoni mwa mwaka 1894 nguvu ya Rumaliza ilivunjwa.

Ninapofundisha habari hii darasani, watoto huniuliza mara nyingi kama hayo ni ya kale tu. Mimi mwenyewe nilivushwa ziwa nikiwa mtoto mdogo, katika mtumbwi uliojaa watu, wakati wa vita iliyoanza mwaka 1996, nasi tukapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu. Usiku wa kwanza ng'ambo ile, kabla ya kufika kambini, mama mmoja ambaye hatukumjua alitulaza jikoni mwake, watu tisa. Jina lake hatukuliuliza. Wengi wenu mna hadithi ya namna hiyo nyumbani. Waulizeni wazazi wenu.

Vita vya utumwa vilipokwisha, Joubert hakurudi kwao kutafuta sifa. Alihamia karibu na Moba, akaishi maisha ya kawaida pamoja na jamaa yake. Huko ndiko alikofariki, tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka 85. Tangu alipoondoka Ufaransa mwaka 1886, hakuiona tena.