Dokta Alfred Salter: muganga aliyebaki na maskini wa Bermondsey, ku amani na ku vita

Usiku wa tarehe 7 mwezi wa tisa 1940, ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu kando ya mto Thames, mu muji wa London. Bandari ya Surrey Docks, kwenye kulikuwa akiba kubwa sana ya mbao, iliwaka moto mpaka watu wengine waliokolewa kwa mashua. Komine ya Bermondsey ilipigwa vikali. Familia zilizopoteza nyumba zilikusanywa mu shule ya barabara ya Keetons Road, lakini bomu likafika mpaka pale, na watu wengi wakafa.

Mubunge wa Bermondsey ya magharibi siku hiyo alikuwa muganga wa miaka 67, Alfred Salter. Shule ile aliijua vizuri. Binti yake, mutoto wake wa pekee, alisomea mule.

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya huyu mutu, kwa kuwa kazi yake inagusa swali ambalo wakaaji wengi wa hapa kwetu wanajiuliza: afya ya raia ni kazi ya nani, na inabaki nini wakati vita inaingia?

Kijana mwenye akili aliyeacha kazi kubwa

Salter alizaliwa mwaka wa 1873 ku Greenwich, upande wa kusini-mashariki ya London. Alisomea uganga ku hopitali ya Guy's na akapata zawadi nyingi. Kisha akafanya utafiti wa vijidudu vya magonjwa. Wakubwa wake waliona atakuwa profesa, pengine na jina kubwa mu dunia ya sayansi.

Lakini hopitali ya Guy's iko karibu kabisa na Bermondsey, na pale Salter aliona kwa macho namna watu wanaishi. Wababa walisimama kila asubuhi ku mlango wa bandari wakingoja kazi ya siku moja tu. Wamama na wasichana walifanya kazi mu viwanda vya biskuti na vya konfitiri. Viwanda vya ngozi vilitoa harufu mbaya mutaa muzima. Familia nyingi zilikaa mu chumba kimoja ao viwili, na bomba moja ya maji ilitumiwa na nyumba nyingi. Kifua kikuu kilikuwa kama jirani wa kila familia.

Mwaka wa 1898 Salter alihamia kule. Akakutana na Ada Brown, msichana aliyekuwa anasaidia wasichana wa viwanda, na mwaka wa 1900 wakaoana. Mwaka ule ule akafungua nyumba ya matibabu. Bei ilikuwa peni sita, na asiyekuwa nazo alitibiwa bure. Wakati ule Uingereza haikuwa na matibabu ya bure kwa wote: bila pesa, mutu alikwenda kuomba msaada wa maskini, na wengi walikawia juu ya haya mpaka ugonjwa ukawa mukubwa. Ndiyo maana watu walijaa kwake, na waganga wengine wakaja kufanya kazi pamoja naye.

Joyce

Mwaka wa 1902 mutoto wao Joyce alizaliwa. Hapo bwana na bibi walikuwa na uamuzi muzito wa kufanya. Familia ya muganga ingeweza kukaa mutaa musafi, na baba aje Bermondsey kwa kazi tu. Wao walisema hapana. Mutoto atakaa pale pale, atasoma na watoto wa mutaa, atacheza nao barabarani. Waliona haiwezekani kuambia watu kwamba wako pamoja nao, halafu kuficha mutoto wao mbali.

Joyce alipata mara tatu homa kali ya koo yenye kuletea watoto upele mwekundu mwili muzima. Ile ya tatu, mwaka wa 1910, ilimuua. Alikuwa na miaka nane. Antibiotiki hazikuwa bado, na baba yake, muganga mwenye kujua vijidudu kushinda wengi, hakuweza kumwokoa.

Wangeweza kuondoka. Walibaki. Hawakuzaa tena, na tangu pale nguvu yao yote iliingia mu kazi ya mutaa. Kuna mambo mawili hapa ambayo hayapatani vizuri: uamuzi wao uliwapa imani ya watu, na uamuzi ule ule uliwagharimu mutoto. Kila musomaji anaweza kupima mwenyewe.

Komine inashika kazi ya afya

Salter alielewa kwamba dawa peke yake haimalizi ugonjwa unaotoka ku nyumba mbaya na njaa. Kama mutoto anapona leo na kesho anarudi kulala mu chumba chenye maji ukutani, muganga anarudi tena ku mwanzo. Kwa hiyo mutu na bibi yake waliingia siasa. Ada alichaguliwa mushauri wa komine mwaka wa 1909. Mwaka wa 1922 akawa burgumesta, mwanamuke wa kwanza kushika kazi hiyo mu London. Mwaka ule Alfred alichaguliwa mubunge. Alipoteza kiti mwaka wa 1923, akakirudisha mwaka wa 1924, na akakaa nacho mpaka 1945.

Kile walifanya na wenzao mu miaka ile kilikuwa kipya. Nyumba mbovu zilianza kubomolewa, na ku Wilson Grove zikajengwa nyumba ndogo zenye bustani. Maelfu ya miti yalipandwa barabarani. Hiyo ilikuwa kazi ya Ada zaidi. Wagonjwa wa kifua kikuu walitumwa mpaka ku milima ya Leysin, mu Uswisi, kwa pesa ya komine. Kwa wale hawakuweza kusafiri, mwaka wa 1926 komine ilifungua nyumba ya matibabu kwa taa zenye mwangaza mfano wa jua. Mwaka wa 1936 kituo kikubwa cha afya kilifunguliwa ku Grange Road.

Hata nyumba yao ya Fairby Grange, ku jimbo la Kent, waliitoa. Waliinunua wakati wa vita ya kwanza ya dunia, wakapokea mule watu waliofungwa na kudhoofika juu ya kukataa kubeba silaha. Kisha wakaipa komine, ikawa mahali pa wamama na watoto kupumzika na kurudisha nguvu.

Na sisi watu wa radio tuna sababu ya kupenda sehemu hii. Tangu 1923 idara ya afya ya Bermondsey ilianza kutengeneza sinema zake, karibu 30 kwa jumla. Zilieleza usafi, meno, maziwa, kifua kikuu. Gari lenye mashine ya sinema lilisimama barabarani, watoto wakakimbilia, wazazi wakafuata, na afisa wa afya akaeleza kwa maneno rahisi. Hawakungoja watu waje ku ofisi. Habari ilikwenda kwenye watu walikuwa.

Vita inaingia

Salter alikuwa Mukristo wa kundi la Waquaker, na alikataa vita vyote viwili vya dunia. Msimamo huo haukupendwa na wengi, zaidi wakati mabomu yalikuwa yanaangukia watu wake mwenyewe. Mwaka wa 1941 alisimama tena mu bunge akapinga njia ya kuua raia kwa mabomu, hata raia wa upande wa adui. Wapiga kura wengi wake hawakukubaliana naye. Lakini walimjua, na hawakumfukuza.

Vita ilibadilisha kazi ya komine. Ofisi iliyokuwa inapima watoto na maziwa ilipaswa sasa kupanga vituo vya msaada wa kwanza, na kuangalia usafi wa maficho: vyoo, hewa, chawa, upele. Watu walilala kwa mamia chini ya madaraja ya reli, na hata pale hapakuwa salama. Ku Druid Street, mwezi wa kumi 1940, bomu liliua watu 77. Ku Stainer Street, mwezi wa pili 1941, wakafa 68.

Mabomu yaliwatoa Salter na Ada pia mu nyumba yao. Ada alikufa mwezi wa kumi na mbili 1942. Alfred aliendelea peke yake, mwili ukiwa umechoka, akiona mitaa waliyojenga imegeuka mawe. Alikufa tarehe 24 mwezi wa nane 1945, ku hopitali ya Guy's, kule alianzia.

Nini kilibaki

Kuta nyingi zilianguka, lakini wazo halikuanguka. Wakati wa vita serikali ya Uingereza yenyewe ilianza kutoa maziwa ya bei ndogo ao bure kwa watoto wadogo na wamama wenye mimba, na kusukuma chanjo ya dondakoo inchi nzima. Mwezi wa saba 1948, matibabu ya bure kwa wote yakaanza. Yale komine moja maskini ilikuwa inajaribu kwa pesa kidogo, inchi nzima ikayachukua.

Kando ya Thames, mwaka wa 1991, walimwekea sanamu: muzee anakaa ku benchi, anaangalia binti yake mudogo akicheza na paka. Mwaka wa 2011 wezi waliiba sanamu ya muzee. Wakaaji wakachanga pesa, na mwaka wa 2014 ikarudi nyingine. Mara hii wakaongeza na Ada, ameshika jembe la bustani mukononi.