John Deere, mhunzi wa plau

Ukipanda hadi Kaptagat, karibu na Eldoret, huenda ukaona trekta la kijani lenye jina la John Deere likilima shamba la ngano. Sisi wa Pwani tunaikuta ngano hiyo ikiwa tayari mahamri na chapati. Wengi hudhani jina lile ni la kampuni tu. La, alikuwa mtu, tena mhunzi.

Alizaliwa mwaka 1804 Rutland, jimbo la Vermont, Marekani. Baba yake, mshonaji nguo, alisafiri kwa bahari kwenda Uingereza mwaka 1808, asirejee tena. Msiba wa namna hiyo watu wa Pwani wanaujua. Mama akawalea watoto kwa sindano yake. Kijana alipofika miaka 17 akatiwa kwa mhunzi. Alipojitegemea, karakana yake iliungua mara mbili, madeni yakamzidi, na mwaka 1836 akawaacha mke na watoto, akaenda Illinois kutafuta riziki. Baadaye wakamfuata.

Udongo wa huko ulikuwa mweusi, wa kunata kama unga uliokandwa. Plau walizokuja nazo wakulima ziligandwa, ikabidi kusimama kila hatua chache kuukwangua. Mwaka 1837 Deere alichukua kipande cha msumeno uliovunjika, cha chuma cha pua kilichong'aa, akakikunja kikawa plau. Udongo ukateleza wenyewe. Hakuwa wa kwanza, maana mhunzi John Lane alishatengeneza kama hiyo mwaka 1833. Lakini Deere alikuwa na moyo wa biashara: alitengeneza plau kabla ya kupata mnunuzi, kisha akazitafutia soko. Mwaka 1848 alihamia Moline, kando ya mto Mississippi, na mwaka 1855 ziliuzwa zaidi ya 10,000.

Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wasauk walifukuzwa baada ya vita vya mwaka 1832, ndipo plau zikapita. Mambo hayo hayo yakafika Uasin Gishu. Mwaka 1908 Makaburu waliteremka Mombasa na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakapanda bara, wakalima kwa plau nyanda ambazo Wanandi na Wakeiyo, watu wa wimbi, jembe la mkono na mifugo, walinyang'anywa.

Deere hakuyaona hayo. Alifariki Moline mwaka 1886, na trekta hakuwahi kuliona. Kampuni yake iliingia katika biashara hiyo mwaka 1918.